Mfuko, ukoo, hasira ama mdomo wa kiongozi: ni nini hasa huvipa kura vyama vya "sisi dhidi ya wakubwa"?

Tangu Wakenya wapige kura tarehe 9 Agosti 2022 na wilbaro, alama ya chama cha UDA, ikashinda, kuna ubishi ambao haujaisha mpaka leo, uko kwenye matatu, uko kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia, uko hata kwa ndugu zetu walioko Doha na Minnesota: wale watu zaidi ya milioni saba walimpa William Ruto kura kwa sababu gani? Mmoja atakwambia ni njaa. Mwingine atasema ni ukabila tu usijisumbue kutafuta kingine. Wa tatu anasema watu walikuwa wamechoka na familia zile zile, na wa nne anasema jamaa anajua kuongea, basi. Na ukienda Ujerumani utaukuta ubishi huohuo kuhusu chama cha AfD, ambacho kilianza 2013 kikashindwa hata kuingia bungeni, alafu Februari 2025 kikatoka cha pili nchi nzima na asilimia 20.8.

Kwa hiyo haya ni maandishi ya wewe uliyekwama katikati, labda una insha ya chuo, labda unaandika habari, labda unafanya kazi kwenye kampeni, ama umechoka tu kubishana na shemeji yako bila kuelewana. Sitakwambia maelezo gani ndiyo ya kweli peke yake, manake sidhani yapo. Ila kuna yanayojibu swali lako na kuna yatakayokupoteza, na hiyo tofauti ni kubwa sana.

Kwanza tukubaliane tunaongea kuhusu nini. Chama cha kipopulisti hapa ni kile kinachoigawa nchi mara mbili, wananchi wa kawaida upande huu na wakubwa walafi upande ule, alafu kinadai chenyewe ndicho sauti ya hao wa kawaida. Sera zaweza kuwa chochote. UDA ya Ruto mwaka 2022 iliwasema madainasti, yaani zile familia zilizotawala tangu uhuru. AfD inawasema wakubwa wa Berlin na Brussels na pia inawasema wageni, na hilo la wageni ni jambo zito ambalo UDA haikuwa nalo. Siviweki kwenye kapu moja kisera. Ninalinganisha tu vile vilivyopata kura.

Vigezo kwanza

Kila maelezo nitayapima kwa maswali yale yale, la sivyo kila mtu atavutia kwake.

Nani? Yaani maelezo yanaweza kumtofautisha aliyepiga na asiyepiga? Ukisema "maisha ni magumu" na maisha ni magumu kwa kila mtu, bado hujaeleza kitu.

Mbona wakati ule? Umaskini na hasira vilikuwepo miaka yote, sasa mbona vikazaa ushindi mwaka ule na si miaka kumi nyuma.

Mbona chama kile? Mwenye shida angeweza kwenda upinzani wa kawaida, ama akalala nyumbani siku ya kura.

Yanakwama wapi, na yanamfaa nani.

Kenya ndiyo kesi kubwa hapa kwa sababu tunaijua kwa karibu. Ujerumani nimeileta kuona kama maelezo yakivuka mpaka bado yanasimama.

1. Mfuko

Nani? Haya ndiyo yanayokuja mdomoni kwanza, na yana uzito wake. Mtu aliyelengwa na kampeni ya UDA alikuwa na sura kabisa: mama mboga, mtu wa boda, kinyozi, fundi, mvuta mkokoteni. Chukua mtu wa boda. Pikipiki mara nyingi si yake, ameichukua kwa mkopo, kila siku anatoa pesa ya kampuni kwanza alafu anatoa ya mafuta alafu kinachobaki ndio cha nyumbani, akikosa kulipa siku kadhaa wanakuja kuichukua. Sasa huyu mtu Machi 2020 akaambiwa kafyu inaanza saa moja jioni, na jioni ndio saa zake za kupata, watu wanatoka kazini, wanatoka sokoni. Masaa yalibadilishwa badilishwa lakini kafyu yenyewe ilikuja kuondolewa Oktoba 2021. Ni mwaka mmoja na nusu huo. Alafu ongeza mkopo wa simu, mtu amekopa pesa kidogo tu ya kununua stoki, amechelewa kulipa, jina limepelekwa CRB, wale wanaoweka orodha ya wasiolipa mikopo, sasa hawezi kukopa popote, si benki si sacco. Hilo la CRB Ruto alilishika sana kwenye kampeni na watu walimsikiliza kwa sababu alikuwa anataja kitu kinachowauma kila siku, kitu ambacho wagombea wengi hata hawakijui kwa sababu hawajawahi kukopa mia tano.

Mbona wakati ule? Hapa mfuko una jibu zuri. Baada ya korona ikaja vita ya Ukraine, mafuta yakapanda, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000, na Julai 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ikapita shilingi 200 mpaka serikali ya Uhuru Kenyatta ikatangaza ruzuku ya kuishusha hadi 100, na hapo zimebaki wiki chache tu watu wapige kura. Ukiingia uchaguzini na unga wa bei hiyo uko taabani, uwe chama gani.

Mbona chama kile? Hapa ndio maelezo yanaanza kuyumba. Upande wa Raila Odinga, Azimio, nao waliahidi pesa, tena waziwazi, shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini kabisa. UDA wakaahidi hazina ya mikopo ya bilioni 50. Kama ni mfuko tu, mbona mtu akatae elfu sita za bure akimbilie mkopo? Mimi naona jibu liko kwenye namna mtu anavyoonwa. Elfu sita zinakwambia wewe ni maskini, utasaidiwa. Mkopo unakwambia wewe ni mfanyabiashara, umekosa mtaji tu. Mama anayeamka saa tisa usiku kwenda Marigiti kununua mboga hajioni kama mtu wa kusaidiwa. Lakini ukishafika hapo umeshatoka kwenye mfuko, uko kwenye heshima.

Yanakwama wapi? Maskini wa Siaya na maskini wa Nyandarua wananunua unga kwa bei ileile. Wa Siaya alimpa Raila, wa Nyandarua alimpa Ruto, na haikuwa karibu karibu. Ujerumani nako mwaka 2017 uchumi ulikuwa mzuri, ukosefu wa ajira ulikuwa chini kabisa tangu nchi iungane tena, na ndio mwaka huo AfD ikaingia bungeni mara ya kwanza na asilimia 12.6. Wanaoyatetea haya maelezo wanajibu kwamba kinachomsukuma mtu ni kuogopa kushuka, hata kama kwa sasa ana kitu, na wanataja upande wa mashariki ya Ujerumani ambako baada ya 1990 viwanda vilibinafsishwa ama kufungwa kupitia shirika la Treuhand na mamilioni wakapoteza kazi zao ndani ya miaka michache. Ni jibu zuri, mtu aliyeona baba yake akirudishwa nyumbani na miaka hamsini hasahau.

Yanamfaa nani? Anayetaka kueleza wakati, na anayepanga sera. Ukitaka kujua kura zitaenda wapi kata kwa kata, yatakudanganya.

2. Ukoo, yaani "watu wetu"

Nani? Hapa hakuna maelezo mengine yanayoyafikia. Bonde la Ufa kule kwao Ruto, kura karibu zote. Siaya, Kisumu na Homa Bay, kule kwao Raila, kura karibu zote kwake. Ukinipa jina la kaunti tu bila kuniambia bei ya unga naweza kukisia vizuri kabisa.

Lakini ngoja tufike Mlima Kenya, manake hapo ndipo watu wengi huyatumia haya maelezo vibaya. Uhuru ni mtu wa Kiambu, alikuwa rais, alikuwa na serikali nzima mkononi, akawaambia watu wake waziwazi wampe Raila. Wakakataa. Kiambu yenyewe ikakataa, tena kwa kishindo. Kama ukabila ni kumfuata mkubwa wa kabila, basi hapo ulishindwa vibaya. Wengine wanasema ni kwa sababu Ruto alimchukua Rigathi Gachagua wa Nyeri awe naibu, lakini Raila naye alimchukua Martha Karua wa Kirinyaga, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na mtu wa mlimani. Kilichofanya kazi zaidi naona ni deni. Ule usemi wa "yangu kumi, kumi ya Ruto", yaani Uhuru atawale miaka kumi alafu amuachie Ruto kumi, watu walikuwa wameusikia tangu 2013, na kwa wazee wengi neno likitoka limetoka, sasa unaniambia leo nimgeuke mtu aliyetushika mkono ili nimpe yule ambaye mwenyewe uliniambia miaka kumi nimuogope? Huo bado ni utambulisho, ni habari ya sisi ni nani na tunamdai ama kudaiwa na nani, ila hauendi kwa amri ya mkubwa.

Mbona wakati ule? Kikabila, makabila hayakuzaliwa 2022. Ila kuna kitu kimoja: ilikuwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi 1992 ambapo hakukuwa na Mkikuyu kati ya wagombea wakuu wa urais. Kura nyingi hivyo zikawa zinatafuta pa kwenda. Ujerumani, mwaka wa kutaja ni 2015, wakimbizi karibu laki tisa waliingia, wengi kutoka Syria, na AfD iliyokuwa imeanzishwa na maprofesa wa uchumi kupinga sarafu ya yuro ikageuka kuwa chama cha kupinga wageni.

Mbona chama kile? Kenya jibu ni jepesi, chama ni gari tu, watu wanamfuata aliyeko kwenye usukani. UDA yenyewe ilikuwa changa kabisa.

Yanakwama wapi? Twende Mombasa. Hapa hakukuwa na mgombea wa kwetu, na Raila aliongoza, hilo ni kweli, lakini Ruto alipata kura ambazo ukizitafutia ukoo huzipati. Kilichokuwepo ni bandari. Mizigo ililazimishwa kupanda treni ya SGR kwenda Nairobi na Naivasha, malori yakasimama, magereji ya Changamwe na Miritini yakakosa kazi, kina mama wanaouza chakula kwenye njia ya kwenda Mariakani wakafunga, vijana wakaandamana kila Jumatatu mwaka 2019. Ruto akaahidi kurudisha shughuli za mizigo Mombasa na siku alipoapishwa Septemba 2022 akalitangaza. Hiyo ni riziki, haina kabila.

Na Ujerumani kuna jambo linalowasumbua wengi: AfD haiongozi pale penye wageni wengi. Uchaguzi wa 2025, Thuringia ambako wageni ni wachache ilipata zaidi ya asilimia 38, Hamburg iliyojaa watu wa kila rangi, wakiwemo Waafrika wetu wengi tu, ilipata kama 11. Kwa hiyo mtu anapiga kura kumkataa jirani ambaye hanaye. Wapo wanaosema kule mashariki kinachouma zaidi ni kujiona Wajerumani wa daraja la pili ndani ya nchi yao, na mgeni ndiye aliyekaa karibu kulaumiwa. Kwa anayelaumiwa hiyo haimpunguzii hatari hata kidogo, na sisi wenye ndugu huko tunalijua hilo.

Yanamfaa nani? Anayechora ramani ya kura, anayetabiri. Anayetaka kuongea na wapiga kura awe mwangalifu, kwa sababu ukimwambia mtu "wewe ulipiga kikabila" mazungumzo yameisha, na yeye alikuwa na sababu zake tatu hujazisikia.

3. Hasira kwa wakubwa

Haya mimi ndiyo naona hayapewi nafasi yanayostahili, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mbona wakati ule? Nianze na hili kwa sababu ndipo yanapong'aa. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila walisimama kwenye ngazi za Harambee House wakashikana mikono. Nchi ikatulia, watu waliacha kufa barabarani, na hilo lilikuwa jema kabisa. Lakini angalia kilichofuata: upinzani ukaisha. Yule aliyekuwa akiuliza maswali sasa yuko upande wa serikali. Ukaja mpango wao wa kubadilisha katiba, BBI, Mahakama Kuu ikaikataa Mei 2021, ya Rufaa ikaikataa Agosti, na ya Upeo nayo Machi 2022 ikaizima, na kipindi hicho chote mtu wa kawaida anaona wakubwa wako kwenye mambo ya vyeo na yeye yuko kwenye mambo ya unga. Sasa ukiwa na malalamiko juu ya serikali unampelekea nani? Amebaki mmoja tu, Ruto, naibu rais aliyesukumwa pembeni.

Tazama Ujerumani. CDU ya Merkel, aliyekuwa kansela, na SPD, vyama viwili vikubwa vilivyokuwa vikishindana tangu vita viishe, vilikaa serikali moja 2005 mpaka 2009, tena 2013 mpaka 2021. Mtu aliyekasirika na mmoja hakuweza kumuadhibu kwa kumpa mwingine, wote wako meza moja. AfD imeanzishwa 2013. Siwezi kusema handisheki ya Nairobi na ile serikali ya mseto ya Berlin ni kitu kimoja, ila mlango uliofunguka ni uleule: wakubwa wawili wakikaa pamoja, aliyeko nje anakuwa upinzani wa pekee, hata kama hakustahili.

Nani? Wale wanaoamini vyama vya zamani ni walewale. Ujerumani 2025 watu waliojitokeza walifika asilimia 82.5, idadi ya juu kabisa tangu nchi iungane, na wengi waliokuwa hawapigi kura kabisa waliletwa na AfD. Lakini Kenya ilikuwa kinyume, waliojitokeza walishuka kutoka karibu asilimia 80 Agosti 2017 hadi karibu 65 mwaka 2022. Kwa hiyo hasira ileile yaweza kumpeleka mmoja debeni na kumlaza mwingine kitandani, na haya maelezo hayakuambii ni nani atafanya lipi.

Mbona chama kile? Hapa kuna swali ambalo wabishi wanalipenda: inakuwaje mtu aliyekuwa naibu rais tangu 2013, tajiri, awe kiongozi wa mahasla, yaani watu wa kuhangaikia riziki? Na si Kenya tu. Zambia, Michael Sata alikuwa gavana wa Lusaka wakati wa Kaunda na waziri wakati wa Chiluba, akatoka chama tawala cha MMD mwaka 2001 alipokosa kurithishwa, akaanzisha Patriotic Front, akagombea akashindwa mara tatu, na mara ya nne, Septemba 2011, akashinda kwa kura za Lusaka na Copperbelt na kaskazini. Kampeni yake ilikuwa "Don't Kubeba", usiwaambie, kula pesa zao alafu kapige unavyotaka. Huyu alikuwa mkubwa miaka yote. Jinsi ninavyoelewa mimi, mpiga kura hamtafuti maskini mwenzake, anamtafuta mtu aliyekataliwa na walewale waliomkataa yeye. Ruto kunyanyaswa hadharani na wakubwa wenzake ndiko kulikompa cheti cha uhasla, na kila walipomkejeli wilbaro walikuwa wanampigia kampeni.

Yanakwama wapi? Hasira haina usukani. Inaeleza kwa nini mtu anaondoka, haielezi sana anakokwenda. Pia ni ngumu kupima, kwa sababu kila anayeshindwa uchaguzi husema hawaamini wakubwa, sasa ni hasira ilileta kura ama kura ndiyo ilileta hasira? Alafu kuna Juni 2024. Vijana walewale wa mtaani, wakiwemo waliompa Ruto, waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 wakaingia mpaka ndani ya Bunge, watu wakauawa, na kesho yake rais akasema hatausaini. Walisema hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Kwangu hilo linaonyesha hasira ya 2022 ilikuwa ya kweli na haikuwa mali ya mtu.

Yanamfaa nani? Anayetaka kuelewa kwa nini upinzani wa kawaida unakufa, na mwanaharakati anayetaka kujua hizi kura zinaweza kuhama.

4. Mdomo wa kiongozi

Haya sitayakalia sana. Yanasema watu hufuata anayejua kuwasemea, na kwamba chombo kina nguvu kuliko hoja: wilbaro kama alama, "kazi ni kazi" kama wimbo, kanisani kila Jumapili, redio za lugha za nyumbani, na AfD na video zake fupi za TikTok ambazo vyama vingine vilichelewa sana kuzizoea.

Nani? Walio karibu na hicho chombo, vijana wa simu, wasikilizaji wa redio. Mbona wakati ule? Kwa sababu ndipo mtu yule alipojitokeza na simu zilikuwa zimefika kila mahali. Mbona chama kile? Hapa yana jibu, kwani neno "hasla" lilichukua kinyozi, mwanafunzi na mkulima wa kahawa, watu wasiokuwa na shida moja, likawapa jina moja, na hilo si kazi ndogo.

Yanakwama pale kiongozi anapoondoka na chama kikabaki. Bernd Lucke aliyeanzisha AfD alitoka 2015, Frauke Petry aliyemuondoa akatoka 2017, Jörg Meuthen akatoka 2022, na chama kikaendelea kukua. Kenya nako Raila alikuwa msemaji ambaye mpaka leo hana mfano, na hakushinda. Kuna pia ndugu yake haya maelezo, yale ya "wamedanganywa tu" ama "wamehongwa mia mbili". Uongo upo kwenye kampeni na pesa zinagawanywa, hakuna anayebisha, lakini zinagawanywa na pande zote, na mtu anaweza kula pesa yako na asikupe, waulize Wazambia.

Yanamfaa mtu wa kampeni, na mwandishi anayefuatilia uzushi mitandaoni. Kama ndiyo maelezo yako pekee utaishia kuwaona watu milioni saba hawana akili.

Sasa uchague vipi

Ukiyapanga yote manne kwa pamoja utaona hayagombanii swali moja. Ukoo unajibu "nani" vizuri kuliko mengine, Kenya angalau. Hasira inajibu "mbona wakati ule", na mfuko unamfuata kwa karibu. Mdomo unajibu "mbona chama kile" kwa sehemu. Ndiyo maana kwenye magrupu watu hawaelewani, huyu anajibu nani, yule anajibu lini.

Una insha ya chuo: usichukue yote manne, mwalimu ataona umerundika. Chagua mawili yanayopingana kwenye mahali pamoja, kwa mfano mfuko na ukoo pale Kiambu, alafu uonyeshe ni wapi kila moja linashindwa. Kiambu itakupa kazi ya kutosha.

Wewe ni mwandishi wa habari unaenda kuhoji watu: anza na mfuko kwenye maswali, kwa sababu mtu atakujibu kuhusu bei na mkopo bila kujilinda, na kutoka hapo hasira itatoka yenyewe. Swali la kabila usilianze wewe.

Uko kwenye kampeni kuelekea 2027: ramani yako ijengwe kwa ukoo, ndio, lakini ahadi zako zijengwe kwa mfuko, na uangalie sana ni nani amebaki upinzani wa pekee, manake kila mkishikana mikono huko juu mnaacha mtu nje.

Unamsoma Magufuli na siasa zake za wanyonge kule Tanzania: hapo hakukuwa na chama kipya, alikuwa kiongozi ndani ya chama kilekile kinachotawala tangu 1977, kwa hiyo maelezo ya ukoo hayatakusaidia karibu chochote. Anza na mfuko, angalia vile vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000 na maana yake kwa mtu aliyezoea kukimbizwa na mgambo, alafu ongeza mdomo.

Una ndugu Ujerumani na unataka kujua kama mji anaohamia ni salama kwake: asilimia ya AfD pekee haitoshi, lakini usiidharau. Uliza ilipanda lini pale na kwa nini, viwanda gani vilifungwa, shule na zahanati zimebaki ngapi, na zaidi ya yote mtafute Mwafrika anayeishi mtaa ule ule umsikilize yeye kabla ya ramani yoyote.

Na kama ni ubishi wa nyumbani na shemeji, muulize kwanza anajibu swali gani, nani ama lini. Mara nyingi utakuta mko pamoja kwenye moja na mnagombana juu ya lingine ambalo hata hamjalitaja.